Mto wa Babu Feruzi

Biryogo, Kigali
Juni 1992

Baba,

Sijui salamu gani inamfaa mtu aliye huko uliko. "Hujambo" haifai, na shikamoo nilikupa kila asubuhi mpaka ukawa unaiitikia huku unatafuta kiatu. Basi pokea hiyohiyo. Shikamoo, Baba.

Nimekaa sebuleni, kwenye meza yako, na uso wangu unawaka kama vile umesimama mlangoni unanitazama. Afadhali niseme mara moja, maana unanijua nikianza kuzunguka sifiki. Ule mto wa Babu Feruzi haumo tena kwenye ramani. Ule mstari wa buluu ulionyooka kutoka chini ya Muhima mpaka kwenye matanuri ya matofali, uliokuwa ukiwaonyesha wageni kabla hata hawajaletewa chai, umetoka. Hakuutoa mwingine. Nimeutoa mimi, kwa wembe wako ule wa kukwangulia wino.

Usinikasirikie kwanza. Au nikasirikie, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Huku nyumbani tupo. Mama magoti yanamsumbua na ulimi haumsumbui hata kidogo. Vita bado viko kaskazini, vizuizi barabarani vimezidi, na kila ninapopita na kekee yetu ya kuchimbia udongo naulizwa ni silaha ya namna gani. Najibu kama ulivyokuwa unajibu wewe, kwamba ni kizibuo cha chupa ya jitu. Wengine hucheka. Wengine hawacheki, wananirudisha nyumbani, na siku ya kazi imepotea. Ndiyo maana bado naiacha kwa Mama Kamikazi, anayekaa kule bondeni karibu na matanuri, nyuma ya mlango wake, palepale ulipokuwa unaiegemeza.

Naikumbuka siku ya kwanza uliyonishusha Nyabugogo, pale mto unapokaribia kuingia Nyabarongo. Mimi niliona matuta ya viazi, miwa, moshi wa matanuri na mashimo ya waliochimba udongo wa matofali. Nikakuuliza, mto wa kale tunaoutafuta uko wapi? Ukaninyoshea kiganja. Mkono huu ndio mto, ukasema, na vidole ni njia ulizopita zamani kabla watu hawajaja kuugeuza kwa majembe. Delta, ukaiita. Kazi yetu ni kuvitafuta vidole vilivyozikwa, tuvichore kwenye ramani ya serikali. Nilikuwa nimetoka shule na cheti changu, najiona msomi, na jioni ile nilirudi na matope mpaka kwenye nyusi. Mama alitutazama mlangoni akasema, "Haya, wafu wamefufuka. Ogeni kabla ya kunikaribia."

Na ile desturi yako ya jani la mgomba! Kila tulichokitoa chini kwa kekee ulikilaza juu ya jani, cha juu kwanza, kisha cha chini yake, kwa mpangilio, kama mchuuzi anayepanga samaki. Ulikitazama, ukakisugua kwa vidole. Halafu ukatia punje mdomoni, ukatafuna kwa meno ya mbele, ukafumba macho. Matope ya kinamasi yanateleza. Mfinyanzi unanata. Mchanga wa mto unalia kwenye meno. Mimi nilisita, nikawa naushika ule udongo kwa ncha ya kidole kama mwali. Ukanipigia kelele mbele ya wafyatuaji matofali wote: "Onja, Zainabu! Acha uzuri!" Mpaka leo wale vijana wakiniona wananiita Achauzuri. Nakushukuru sana kwa hilo.

Sasa tuje kwenye mto wenyewe, maana nauzunguka.

Nilijua kwa nini uliupenda kuliko vidole vingine vyote. Toka nikiwa mdogo nimesikia habari za Babu Feruzi, babu yako, aliyekuja na msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani, na bidhaa zake, na kanzu yake nyeupe, akapiga hema bondeni kando ya mto mzuri na kunywa maji yake, kabla mji huu haujawa mji. Watu walipotuambia turudi kwetu, sisi Waswahili, wewe hukugombana nao. Ulisema tu, "Babu yangu alikunywa maji ya mto ambao nyinyi hamjui hata ulikuwa wapi." Kisha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zikaletwa ofisini, ukauona ule mstari mweusi katikati ya matuta. Nilikuona ukiweka kalamu chini, ukatoka nje. Uliporudi macho yako yalikuwa mekundu. Nilikuuliza mto gani unakwenda sawa namna ile. Ukanijibu kwamba mto nao unaweza kuwa na haraka zake.

Tukaenda kuuchimba. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana, mvua ikituachia asubuhi tu. Wewe umefunga, na mtu aliyefunga hatii udongo mdomoni. Ukasema vidole vitatosha. Kekee ikatoa mchanga, tena mchanga, ukausugua na kusema alhamdulillahi. Chini kabisa ikagonga kitu kigumu. Ukasikiliza mlio wake, ukasema, "Jiwe hilo. Njoo tusogee kidogo." Tukasogea. Kila tulipotoboa kwenye mstari ule, mchanga, na wewe unazidi kunyooka mgongo kama umerudishiwa ujana.

Baba, jambo linalofuata binti hamwambii baba yake. Ungekuwa hai nisingelisema hata kwa kuchapwa.

Siku zile mimi sikuwa nimefunga. Nilikuwa kwenye siku zangu. Niliamka daku pamoja nanyi nikala kama ninyi, na mchana nikakauka midomo kama wewe, nisijulikane. Nilipozidiwa na kiu nilikwenda nyuma ya tanuri, Mama Kamikazi akanipa maji kwenye kikombe cha bati huku anacheka kimyakimya, maana mwanamke hamuulizi mwenzake. Nikajifuta mdomo, nikarudi kwako na uso wa mfungaji. Kwa hiyo palikuwa na mtu pale kwenye jani la mgomba aliyeweza kuonja. Mtu uliyemfundisha mwenyewe. Alisimama kando yako na kinywa chake halali kabisa, akakifunga, kwa kuona haya.

Ningetia punje moja tu. Lakini ningeitiaje bila wewe kujua? Niliogopa jicho lako. Si kwamba ungenigombeza, la. Ungetazama pembeni, na mimi ningekufa palepale.

Basi ukauchora. Ukanipa heshima ya kuandika jina lake kwa mkono wangu: mkondo wa kale. Ulipofariki baada ya Idi, moyo wako uliposimama ghafla ukiwa kazini, wazee wa msikitini walimwambia Mama pale matangani kwamba angalau umeondoka ukiwa umeuona mto wa babu yako. Mama akaitundika nakala ya ramani ukutani, karibu na saa.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia, direkta wetu ofisini akaamua. Maji yanayofurika pale stendi ya mabasi yarudishwe kwenye njia yao ya zamani, yaani kwenye mstari wako. Utafukuliwa, maji yatapita yenyewe. Akanituma mimi nikapige vigingi kuonyesha mafundi pa kuchimba. Wallahi nilishuka bondeni najidai. Nilikuwa na vigingi begani na jina la baba yangu kwenye karatasi ya serikali.

Mstari unaishia kwa Mama Kamikazi. Unapajua, pale ardhi inapokuwa sawa na matofali mabichi yanaanikwa. Akanipa kekee kutoka nyuma ya mlango, akauliza, "Achauzuri, hii maji iko itapita wapi? Ni kwangu?" Nikamwambia asiogope, mto unajua kwenda zake, utapita kando na kutelemka Nyabarongo. Akasema, "Kama ni Mzee alisema, ni sawa," akarudi kwenye uji wake wa mtama.

Nilitoboa shimo moja tu, kuhakikisha kina. Nikalaza udongo kwenye jani. Na kwa mazoea tu, Baba, kwa mazoea uliyonitia wewe, nikatia punje mdomoni.

Jivu.

Mchanga ulilia kwenye meno, sawa, lakini juu ya ulimi palikuwa na ule uchungu wa jivu unaokausha mate. Nikatema, nikaonja tena, nikapanda juu kidogo nikatoboa, jivu. Nikaazima jembe kwa wafyatuaji nikachimba mpaka kile kigumu. Halikuwa jiwe. Lilikuwa tofali la kuchoma, limevunjika nusu, na alama ya kidole gumba cha aliyelifyatua bado iko. Tofali, chini ya mto wa kale! Nikapanua shimo. Kingo zake zilikuwa zimekatwa wima, kwa jembe. Ule haukuwa mto. Ulikuwa mtaro, watu waliuchimba, kisha wenye matanuri wakaufukia kwa mchanga na majivu yao. Na mtaro haukutelemka Nyabarongo hata kidogo. Uliishia palepale, kwenye ardhi iliyo sawa. Maji yote ya stendi yangekuja kusimama kitandani kwa Mama Kamikazi.

Unafikiri nilipanda ofisini mbio? Sikupanda. Nilifukia shimo, nikapiga vigingi vyote kama nilivyoagizwa, nikaenda nyumbani. Nikala. Mama akaniuliza mbona nimenyamaza, nikasema kichwa. Nikaitazama ramani ukutani, karibu na saa, nikasema moyoni mwangu, marehemu hasahihishwi. Nani atanilaumu? Mimi ni mtoto wake, nimetii mstari wake. Nilikaa hivyo siku kadhaa, na kila siku mafundi walikuwa wanakaribia na majembe yao. Nilijiambia hayo ni mapenzi. Hayakuwa mapenzi yoyote, nilikuwa naogopa watu waseme nini juu yetu.

Kilichoniondoa ni gunia la unga. Nilishuka kurudisha kekee, nikamkuta Mama Kamikazi amelipandisha gunia lake juu ya meza, peke yake, na mgongo wake ule. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mi naamini Mzee. Lakini maji, mimi siijui." Kisha akanimiminia maji ya kunywa, kwenye kikombe kilekile cha bati.

Nikaenda kwa direkta nikiwa na tofali kwenye mfuko wa plastiki.

Aliwaita wenzake wote, wanaume watupu, na tarishi mlangoni. Akaligeuza tofali, akanisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kama Mzee alikosea hapa, akasema, basi tutajuaje vidole vingine? Ramani nzima ina shaka. Iwekwe kando, waje wataalamu wengine waanze upya. Kazi yako yote, Baba! Miaka yote ile ya matope na mgongo kuuma, iende kabatini kwa ajili ya mtaro mmoja.

Nikasema hapana, mistari mingine ni mizima, Mzee aliionja yote. Huu tu ndio haukuonjwa, kwa sababu ilikuwa Ramadhani. Mmoja wao akatabasamu. Direkta akauliza, kwa upole kabisa, "Na wewe ulikuwa umefunga pia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi, na wao si Waislamu, wangejua wapi? Lakini ningesema ndiyo, ingebaki kwamba ofisi yako haikuwa na mtu wa kuonja, kwamba uliifanya kazi nusu ukijua ni nusu. Nikatazama sakafu. Nikasema, "Mimi sikuwa nimefunga. Ningeweza kuonja. Nilimficha baba yangu."

 Mmoja akataka kuuliza kwa nini, wallahi alikuwa ameshafungua mdomo, direkta akamkanyaga mguu chini ya meza, nikauona mguu. Tarishi akakohoa akatoka nje.  Nilisimama mbele ya wanaume wageni nikasema nilichoshindwa kukwambia wewe uliyenizaa, na wewe ungetazama pembeni tu, basi, ungesogea kando ukaniacha nionje.

Ramani yako imebaki, Baba. Direkta alisema tutoboe tena mashimo machache kwenye vidole vingine ili ahakikishe. Tulitoboa pamoja na wale wanaume. Niliwaonjesha mmoja mmoja. Kila ulipoandika mchanga, palikuwa na mchanga. Mafundi wakahamishiwa kwenye kidole kile chako kinachopinda kando ya miwa, mvua ya Aprili ikaja na hasira zake zote, na maji yakakifuata kama vile yalipita humo jana. Kwa Mama Kamikazi yaliingia ya paa bovu tu, na hayo anayajua tangu zamani.

Lakini Mama. Niliporudi siku ile ya kikao nikaiondoa ile nakala ukutani, akaniuliza naipeleka wapi, nikamweleza. Yote, isipokuwa lile la siku zangu, na lile nalo akalielewa mwenyewe. Alikaa chini. Akasema, "Hukutosheka kumzika mara moja." Hakunipikia wala hakunisemesha mpaka Ramadhani ya mwaka huu ilipoingia. Nilistahili, sikujitetea.

Siku moja tukisubiri adhana ya magharibi, tende mkononi, akaanza kuzungumza kama anaendelea na maneno ya jana. "Babu yenu Feruzi hakuwa na bidhaa," akasema. "Wala hema. Alikuja amebeba mizigo ya watu kichwani. Na pale bondeni hakunywa maji. Alichimba." Bibi yako, mke wa Feruzi, ndiye aliyemwambia Mama alipoolewa, jikoni, kwa siri. Feruzi na wapagazi wenzake walikusanywa na kusimamiwa kwa kiboko, wachimbe mtaro wa kukausha bonde, na mtaro haukukausha kitu ukaachwa. Nikamuuliza, Baba alijua? Mama akazungusha tende vidoleni. Akasema uliambiwa ukiwa mtoto, ukalia, ukakataa kula, na tangu hapo ukawa unaisimulia kivyako, na kila mwaka kanzu ya Babu ilizidi kuwa nyeupe. Hakuna aliyekukatiza. Kisha adhana ikaita.

Mimi sijui kama ulipolisikia lile tofali ulijua ni tofali. Nimelisikiliza mara nyingi kichwani, ule mlio, na sauti yako ikisema jiwe. Sitaki kujua. Najua tu kwamba ulikuwa unaona haya, na mimi nilikuwa naona haya, tumesimama sote wawili kwenye jani moja la mgomba kila mtu na lake, na lako na langu hayakuwa na aibu yoyote ndani yake. Mtu kubebeshwa mzigo si aibu yake. Na mimi, damu yangu si aibu yangu. Ningekuwa na akili hiyo mwaka jana!

Nilipochora ramani safi, mstari wa buluu niliukwangua wote. Kisha nikachukua wino mweusi, ule tunaotumia kwa barabara na madaraja na kila kitu kilichofanywa na watu, nikauchora tena palepale. Umenyooka kama zamani. Nikaandika pembeni kwa herufi ndogo: mtaro, umechimbwa kwa mikono. Direkta alitaka nijaze pia umechimbwa na nani. Nikaandika jina la Feruzi. Mama ameitundika mpya karibu na saa, na wageni wakija sasa ni yeye anayeonyesha. Anawaambia, "Nyinyi mnaotuuliza tumetoka wapi, haya, someni."

Juzi nilikuja kaburini. Najua, najua, mwanamke haendi makaburini, Mama naye alinisema. Nilikuta mvua imelainisha udongo upande wa miguu yako. Sikuwa na jani la mgomba. Nilitazama huku na huku kama hakuna mtu, kisha nikaacha kutazama, nikatia punje mdomoni. Ni mfinyanzi mwekundu, Baba, umenata kwenye meno kama ulivyonifundisha. Hakuna mchanga, hakuna jivu. Hapo hapajachimbwa na mtu kabla yako.

Pumzika. Nakuahidi kazi nitaimaliza mpaka Nyabarongo, na Ramadhani ikinikuta bondeni sijafunga, nitaonja mbele ya watu wote.

Binti yako,
Zainabu Achauzuri